Pamba ya Kucha

Watu huniuliza ninafanyaje rangi ya kucha ikae wiki nzima, na mimi nafua, napika, naosha masufuria kama wao. Nawajibu kwamba nilifundishwa na aibu. Wanacheka, wanadhani natania.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani, kijijini nje kidogo ya Bariadi, nasubiri kuchaguliwa kidato cha tano. Rafiki yangu alikuwa anaolewa Jumamosi na alinichagua mimi nimsimamie kanisani. Mimi! Nikaenda sokoni Bariadi kutafuta rangi. Nilikuwa nimeshaibeba moja ya kumetameta, mama muuzaji akanipokonya, akaifungua na kuinua burashi. "Hii imeshakuwa uji. Itabanduka kesho tu." Akanipa nyekundu nyepesi iliyotiririka vizuri, rimuva ya kutolea rangi, na kichupa kingine cha rangi isiyo na rangi yoyote. "Hii ya maji unatanguliza, halafu unamalizia nayo. Ukiiruka usinilaumu." Nikajua ananipiga, lakini nikanunua.

Jumapili baada ya ibada nikajifungia chumba cha pamba, maana ndicho chenye dirisha la maana, nikakalia gunia. Sasa, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, lakini nadhani alimcha Mungu na pamba safi kwa kiasi kinachokaribiana. Pamba safi ni daraja la kwanza; chafu kwetu huitwa fifi, na nyumbani neno hilo lilikuwa tusi. Hata uzi wa kuzibia sikio hatukuruhusiwa kuchomoa.

Nilipaka kwa pupa, nene, mara moja. Nikagusa sketi kabla haijakauka, rangi yote ikajikunja. Rimuva ninayo, pamba ya duka la dawa sina. Jamani, nimezungukwa na magunia manane ya pamba, nikatafute pamba wapi tena? Nikachomoa donge kwenye gunia lililokuwa wazi, nikatoa mbegu, nikafuta. Donge la pili, la tatu. Yalikuwa matano, mekundu pyu, niliposikia baba anakohoa mlangoni. Nikayasukuma guniani mpaka kiwiko kikazama.

Baba akaingia na sindano yake ya magunia, akaanza kulishona lile lile. Nikajifanya nasoma chupa ya rangi.

"Hiyo rangi ni ya siku mbili tu," akasema bila kuinua kichwa.

"Wiki nzima, baba!" Kiburi changu kiliwahi kujibu kabla ya akili.

Alipotoka nikaanza upya, na safari hii nilitulia kama mtu anayetubu. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, nikafuta kila ukucha kwa rimuva na kipande cha fulana kuukuu ili mafuta yote yatoke. Nikatanguliza ile ya maji, nyembamba. Ikakauka. Nyekundu nyembamba, ikakauka, nyekundu tena. Kila mara nilipitisha burashi kwenye ncha ya ukucha, maana hapo ndipo inapoanzia kubanduka. Nikamalizia kwa ile ya maji, nikakaa mikono wazi mpaka mama akaniita mara tatu.

Wiki ile niliosha vyombo nimevaa mifuko ya plastiki. Shambani nilikwenda kung'oa masalia ya pamba nimevaa soksi za baba mikononi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kila jioni nilikagua kucha, hakuna hata moja iliyobanduka, halafu nilipita kuyaangalia magunia. Yote manane yalikuwa yameshonwa, yamepangwa upya, na sikujua tena lipi ni lipi. Nikajisemea, nikimwambia baba atayafumua yote na atanifumua na mimi. Nitamwambia kesho. Kesho ikawa Alhamisi, siku ya kuuza.

Nilijipa moyo kwamba karani wa kituo cha kununulia pamba hakuwahi kulifungua gunia la baba, alikuwa anapima tu. Lakini siku hiyo mtu aliyetutangulia alikamatwa na mchanga kwenye pamba. Karani akapandwa na hasira. "Njooni wote muone pamba ya mkulima wa kweli!" Akalivuta gunia la baba lililokuwa karibu, akalimwaga kwenye turubai mbele ya watu.

Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Halafu madonge matano mekundu.

Mtu akauliza kama ni damu. Mwingine akasema damu haing'ai hivyo. Ndipo mama mmoja nyuma yetu akasema, taratibu kabisa, "Ndagu." Hiyo ndiyo dawa ya kutafutia utajiri, na kwetu ukishahusishwa nayo hata wajukuu zako watanyooshewa kidole. Watu wakarudi nyuma hatua moja. Baba alichuchumaa, akaliokota donge moja, akaligeuza huku na huku.

"Sijui," akasema. "Kwa kweli hiki sikijui."

Baba yangu, kuhusu pamba, kusema hajui! Mikono nilikuwa nimeificha kwenye kanga, hakuna aliyeiona. Nikaitoa.

"Ni mimi. Ni rangi ya kucha."

Yule mama hakuridhika. Akakamata kidole changu, akatemea mate, akasugua kwa kidole gumba. Akasugua kwa pindo la kitenge. Haikutoka hata chembe. "Rangi ya kucha gani isiyotoka?" akawauliza watu, na wao wakaguna. Weee! Ufundi wangu wote wa wiki nzima sasa ulikuwa unamfunga baba yangu.

Nilikimbia nyumbani jinsi ambavyo sijawahi kukimbia, nikarudi na rimuva, nahema. Nikafungua chupa, na hapo nikakumbuka kwamba sina cha kufutia. Baba akainama, akachomoa donge la pamba yake mwenyewe, akatoa mbegu moja moja kwa utulivu wake ule ule, akanipa.

"Futa."

Nikafuta ukucha wa kidole gumba. Donge likatoka jekundu, nikaliweka kando ya yale matano. Yalikuwa ndugu. Karani alicheka mpaka akaegemea mizani, na kituo kizima kikamfuata. Yule mama akanishika mkono tena, safari hii kwa upole: "Mwanangu, uliipakaje hiyo? Njoo unipake na mimi." Pamba yetu ikapimwa, ikaandikwa safi.

Baba hakunisemesha njia nzima. Jumamosi nilimsimamia rafiki yangu na kucha zangu kumi, moja imepakwa upya, zinawaka, lakini moyo haukuwa pale. Nilikuwa radhi anichape kuliko ule ukimya.

Wiki iliyofuata alikwenda Bariadi. Aliporudi aliniita uani, akatoa mfukoni pakiti ya pamba ya duka la dawa. Mtu aliyelima pamba maisha yake yote, kaenda dukani kununua pamba! Hakunipa kwanza. Aliifungua, akavuta kidogo, akainyoosha nyuzi mbele ya macho, akainusa, akatafuta takataka.

"Ni safi," akakubali. "Lakini yangu inaizidi."

"Inaizidi sana, baba."

"Hiyo rangi imekaa siku ngapi?"

"Leo ya kumi na moja."

Akanishika mkono, akazitazama kucha moja baada ya nyingine, kama anavyokagua pamba yake. Halafu akaniwekea pakiti kiganjani.

"Daraja la kwanza," akasema, akaenda kufungulia ng'ombe.