Skuta Iliyolia Msibani

Mpaka leo nikipita Mikindani najifunika mtandio hadi puani, na nyie mnaocheka kabla sijaanza niacheni nimalize, maana aibu niliyoipata pale sikuletewa na mtu, niliibeba mwenyewe kutoka Chuno, tena nikaitia na mafuta.

Mnajua mimi ni fundi cherehani, nashona sare halafu nazipeleka kwa wenyewe, leo Shangani, kesho Naliendele, mpaka nikachoka kubembelezana na bodaboda nikaamua kutafuta skuta yangu. Zikapatikana mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mjomba wangu Saidi wa Kitaya, kaka yake mama, skuta ya zamani aliyoendea shambani kwenye mikorosho tangu mimi mwanafunzi, kiti ameshonea turubai, rangi yake ilishasahaulika, na kuiwasha mpaka upige kiki mara nne huku unamtaja Mungu (lakini injini, wallahi, nzima kabisa). Ya pili ilikuwa mpya dukani, rangi ya maziwa, inawaka kwa kitufe, tena ina rimoti ambayo ukiibonyeza skuta inapiga kelele na kuwasha taa ili ujue umeiegesha wapi, kana kwamba Chuno kuna mahali pa kupotezea skuta.

Sasa kwetu mjomba si mtu wa kuchezea. Ndiye anayesema uolewe au usubiri, na huyu wangu ndiye aliyenilea baba alipoondoka. Akanipigia simu: "Somoe, skuta naiacha, macho yananikataa barabarani. Watu wanaitaka, lakini mie nataka ibaki kwa ntoto wangu." (Mjomba hasemi mtoto, anasema ntoto, watu wa mtoni ndivyo tulivyo.)

Ningemwambia tu, mjomba, nimeipenda ile mpya, angecheka yakaisha. Nikaona haya. Nikasema, "Mjomba, mgongo. Daktari kanikataza kabisa kupanda pikipiki." Akasema, "Pole sana, ntoto wangu," na kesho yake asubuhi mimi huyo dukani, naichukua ile ya rangi ya maziwa. Njia ya mwongo ni fupi, methali hiyo naijua tangu darasa la tatu, ila nilidhani inawahusu waongo wakubwa.

Miezi miwili ikapita salama, maana Kitaya ni mbali na mjomba haji mjini ovyo. Halafu akafariki bibi yetu wa Mikindani, mdogo wake bibi yangu, mzee wa miaka mingi aliyeondoka usingizini, Mungu amrehemu. Siku ya mazishi nilikwenda na wenzangu kwa gari, na mjomba hakutokea, tukaambiwa hapatikani kwenye simu. Lakini siku ya tatu, siku ya hitma, nilikuwa na sare za kumalizia, nikachelewa, nikajiambia niende na skuta niifiche, nani atajua? Nikaiegesha nyuma ya gofu la nyumba ya mawe, hatua chache tu kutoka msibani, na rimoti nikaichomeka kifuani, kule wanawake tunakoweka noti na simu na siri zetu zote.

Kuingia tu uani nikasikia, "Somoe huyo! Mpisheni godoro, mgongo huo!" Kumbe mjomba alishafika, na ukoo mzima ameutangazia. Nikalazwa. Nikatolewa kwenye zamu ya kuosha vyombo. Mama mdogo akaanza kunikanda kwa mafuta ya nazi, na mimi nikaguna (ndiyo, niliguna, tena kwa ufundi). Nikachungulia upande wa wanaume nikamwona mjomba, amefika asubuhi ile, kachoka, kanzu ina vumbi hadi magotini.

Mara akaingia binamu yetu kutoka Msimbati, analia, na msibani mgeni akiingia unamkumbatia mnalia pamoja. Akanikumbatia kwa nguvu zake zote. Nje skuta ikajibu: piii, piii, piii! Waliokuwa wanasoma hitma wakainua vichwa. "Pikipiki ya nani hiyo?" Akaja mwingine, akanibana, piii! Ningeitoaje rimoti kifuani mbele ya wanawake arobaini? Nikajikunja pembeni nikaomba wasije wageni tena, na Mungu anisamehe, nilikuwa naombea msiba wa bibi yangu ukose watu.

Wanaume wanne wakaenda kuibeba, maana usukani ulifungwa, wakaitua uani mbele ya godoro langu ili mwenyewe aione. Mmoja wao alikuwa mjomba. Akajifuta jasho akasema, "Skuta nzuri hii. Ya nani?" Nikatazama ukuta.

Na hapo ndipo alipoinuka Bi Zuhura, mtani wa ukoo wetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na hakuna wa kumkataza, mtani msibani ana ruhusa zote. Akanijia na uso wa huruma. "Pole, mtani wangu." Akanikumbatia: piii! Akaniachia: kimya. Akanikumbatia tena: piii! "Jamani!" akapiga ukelele, "akibanwa huyu, inalia ile!" Akatia mkono kifuani pangu bila hodi, akaichomoa rimoti, akaiinua juu na kuibonyeza, na uani pote pakaangua kicheko, hata watoto wa marehemu wakacheka na machozi yao.

Mjomba hakucheka. Akaitazama skuta, akanitazama mimi nilivyolala na mafuta yangu ya nazi mgongoni, halafu akatoa mfukoni kifurushi cha gazeti.

"Nilivuka nto kuifuata hii," akasema. "Ng'ambo huko ndani, simu haishiki. Nikasema nimfuatie Somoe dawa ya ngongo. Narudi, naambiwa mama yangu mdogo wameshamzika."

Akakiweka kifurushi juu ya godoro, akarudi kwa wanaume. Hakuna aliyecheka tena. Bi Zuhura mwenyewe aliiweka rimoti chini taratibu, akaenda kukaa. Mimi nikaona haya, nikajifunika mtandio hadi puani, na mjomba sikumfuata.

Dawa yenyewe ilikuwa mizizi, unachemsha, unakunywa asubuhi na jioni kwa siku saba, chungu mpaka unaisikia kwenye meno. Niliinywa yote, na mgongo wangu mzima. Kila kikombe niliapa kwamba uongo wa kumwonea mtu haya sitausema tena, na kiapo hicho kilijaribiwa mapema, siku ya saba, nilipompigia simu.

"Mjomba, dawa nimemaliza."

"Ngongo unauonaje?"

Ilikuwa rahisi niseme alhamdulillahi nimepona, yaishe kwa heshima. Nikakaza moyo. "Mgongo haukuwa na kitu, mjomba. Niliipenda tu ile mpya."



"Basi ungesema hivyo hivyo siku ile," akasema, "mie ningemzika mama."