Karabai ya Mzee Masanja

Cheka tu, lakini mimi sikuota wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu timamu, hapa hapa Shinyanga, miaka ile ya uhaba, nikitengeneza karabai na majiko ya mafuta ya taa kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja.

Jua linazama, nakusanya spana zangu, akaja mzee wa makamo, miguu peku, karabai ikibembea mkononi.

"Fundi, haishiki upepo. Mkwe wangu ana uchungu tangu asubuhi, na mkunga anahangaika na kibatari."

Jamani, wewe ungemfukuza? Nikafungua pampu, ngozi yake imekauka kama kisigino changu. Nikailainisha kwa samli, nikazibua nozeli kwa sindano. Ila soksi yake, kile kifuko cha uzi kinachotoa mwanga, ndiyo ilinishangaza. Soksi ya karabai ikishawaka mara moja inabaki jivu tupu, ukiitikisa kwisha. Hii iliungua zamani, ina utando wa buibui, na mzee katembea nayo toka kijijini akiibembeza hivyo. Haina hata tundu! Nikachoma spiriti, nikapampu, ikawaka nyeupe pee.

"Twende, ukaniingizie ndani kwake," akasema. "Mimi siingii kwa mkwe."

Hilo nililielewa. Kwetu Usukumani baba mkwe hakaribii chumba cha mke wa mwanawe, sembuse siku ya uzazi. Tukaenda mpaka kijijini kwao, kwenye uzio wa minyaa wa nyumba, yeye akasimama hapo. Nikampa mkunga taa mlangoni.

Punde nikamsikia mkunga: "Usisukume, mama! Kitovu kimemzonga shingoni, sasa nakiona!"

Niliganda, niamini. Sikuwajua watu wale, lakini niliomba kama naomba kwa ajili ya dada yangu. Mara mtoto akalia. Weee! Nikalia naye.

Mkunga akatoka anafuta mikono. "Nani kakutuma? Karabai hii ilikuwa darini, mbovu, tangu msiba."

"Baba mkwe wake. Yuko pale uzioni."

"Mzee Masanja? Tulimzika kabla ya mvua, fundi! Na mwanawe yuko machimboni Mwakitolyo. Hapa hakuna mwanamume."

Lakini mzazi alitusikia kule ndani, na hakuogopa hata kidogo. Akaita kwa sauti ya uchovu, "Baba, shikamoo! Ni wa kiume. Nimempa jina lako."

Kutoka kwenye minyaa, mimi na mkunga tukasikia: "Marahaba, mwanangu."

Sauti ile ilikuwa na machozi. Nilipokimbilia pale, hapakuwa na mtu.

Mpaka leo mama yule huamkia minyaa kila jioni kabla ya kufunga mlango, na mumewe hamuulizi kitu. Nawe ukipita pale ukaona mtu amesimama, tafadhali, usimmulike tochi wala usianze kukemea mapepo. Mwambie mjukuu hajambo, halafu ushike njia yako.