Mkono wa Kushoto wa Pikapu

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Ulaya, alimtumia binti yangu gari la kuchezea. Lilikuwa pikapu ya bluu ambayo, ukijua pa kuvuta na pa kukunja, inasimama na kuwa roboti. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Kabla hata ya kuichezea aliniletea gereji, pale mtaani Jabe, kwa sababu amekua akiona watu wakiniletea magari yaliyotoka nje niyaangalie kabla hawajayaamini.

"Baba, we ni fundi. Niangalie kama ni muzima."

Nikajipangusa mikono, nikaikagua kwa mbwembwe zote. Nilitafuta kasoro, nakiri. Kaka yangu ana tabia ya kutuma vitu ambavyo mimi siwezi kununua, na moyo wangu haukuwa safi. Lakini ile pikapu ilinishinda. Milango ilikaa sawasawa, matairi yalikuwa ya mpira wenye meno, na chini waliweka hata bomba la moshi. Ukiitazama usawa wa macho, ungedhani inasubiri kupakia mihogo ya Kanyosha.

Nikataka kuigeuza. Alinipa karatasi ya maelekezo, nikaiweka kando. Mimi wa kusoma karatasi? Nimefungua gia boksi miaka ishirini! Miguu ikatoka vizuri, kichwa kikachomoza chini ya boneti. Mkono wa kushoto ukagoma. Ningesoma karatasi ningejua kuwa mlango hutangulia kufunguliwa. Nikampa mgongo mtoto, nikaulazimisha. Ukalia ka! Ukabaki kiganjani mwangu.

Gereji kuna maneno ambayo fundi aliyevunja kitu cha mteja huwa nayo mdomoni tayari: kwamba kitu kilikuja kimeshaharibika. Wenzangu nimewafokea mara nyingi kwa maneno hayo. Siku hiyo yalinitoka mwenyewe bila kuitwa.

"Ilikuya hivi," nikamwambia. "Mukono ilipasukia huko huko."

Aliutazama mkono, akanitazama mimi. Hakulia. Angelia ningepona. Aliikunja pikapu taratibu, akaondoka nayo.

Nyumbani aliiweka dirishani juu ya mawe manne, matairi hewani, kama tunavyoliweka gari linalosubiri kipuri. Nilipita hapo asubuhi na jioni. Kila siku nilijiambia kesho nitasema, na kesho ikifika naona aibu. Mtu mzima na ndevu zangu, namwogopa mtoto wa miaka minane.

Jumapili, tumetoka misa, kaka akapiga simu. Binti yangu akaipokea sebuleni, mimi nimekaa pembeni yake, nasikia yote.

"Ni muzuri sana, baba mukubwa, asante. Ila mukono moja imevunjika."

Kaka akauliza nani kaivunja. Binti yangu akanigeukia.

"Apana mutu," akasema. "Ilikuya hivi."

Kaka akaanza kuomba radhi. Alisema aliifunga vibaya, alisema kosa ni lake, akarudia mara tatu. Mtoto alikuwa bado ananitazama, bila hasira, kama fundi anayemfichia mwenzake mbele ya mteja. Katika yote ninayoyajua, uongo huo ndio niliomfundisha.

"Uliona?" nikamnong'oneza.

Akaifunika simu kwa kiganja. "Niliisikia wakati ililia, Baba."

Nikanyoosha mkono anipe simu. Hakunipa mara moja. Alitaka kwanza kujua nitasema nini.