Auvergne ya Protais

Watu wa Spånga, mtaa mmoja wa Swideni, waliomjua Protais walikuwa wa aina mbili: waliodhani amewahi kuishi Ufaransa, na mke wake.

Emérithe, huyo mke, alikuwa na ulimi mkali na kumbukumbu nzuri. Alijua kwamba mumewe aliipitia Ufaransa mara moja tu, uwanja wa ndege, wakati wanakuja Swideni, na kwamba hapo alikaa kwenye kiti bila kwenda hata chooni akiogopa kuachwa. Lakini Protais alisomeshwa na mapadri kule Burundi, akatiwa Kifaransa kwa fimbo mpaka kikamkaa, na mali iliyopatikana kwa taabu hivyo mtu haiachi ikaoza. Kazi yake ilikuwa kwenda nyumba hadi nyumba kuwaogesha wazee na kuwapa dawa zao, na kila mlango ulipofunguliwa aliamkia, "Bonjour, madame." Wazee walifurahi. Mswidi ukimwambia unatoka Burundi anakuuliza kama mlikuwa na maji safi. Ukimsemesha Kifaransa anakuuliza habari za mvinyo.

Mambo yalianzia dukani, kwenye jokofu la jibini. Protais alisimama pale kwa sababu jibini lilikuwa limepunguzwa bei, na alikuwa akisoma kwa sauti maandishi ya Kifaransa kwenye karatasi ya jibini, kama alivyofundishwa. Nyuma yake alikuwa Hanna, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa chama cha wastaafu wa mtaa, mwanamke aliyeipenda Ufaransa kuliko Wafaransa wenyewe. Alisikia kile Kifaransa cha kanisani akavutiwa.

"Unapajua Auvergne?" akauliza.

Jina hilo, la mkoa wa Ufaransa, lilikuwa kwenye karatasi. Mtu mwingine angesema hapana akaenda kulipa. Protais alifumba macho kidogo, akashusha pumzi.

"Madame, aliyeonja maziwa ya kule atapasahau vipi?"

Haukupita muda akawa anaongoza darasa la chama, kila Jumatano ukumbini, kwa kahawa na mikate ya mdalasini: urithi wa Auvergne, mashamba yake na vyakula vyake. Jumatano ya kwanza alikwenda na kitabu cha maktaba. Akawaeleza milima iliyokuwa ya volkano, makanisa ya mawe meusi, dengu za kijani, majibini. Kitabu kikaisha, kahawa bado ya moto, na wastaafu wote wakamkodolea macho wakingoja. Hapo Protais, asiyeweza kuvumilia hadhira iliyotulia, akafungua mdomo na kutoa kitu pekee alichokuwa nacho, yaani kilima alichozaliwa, huko Mugamba, Burundi.

Kilikwenda vizuri mno. Aliwaambia juu ya baridi ya asubuhi na ukungu unaopanda kutoka bondeni. Aliwaambia ng'ombe wa Auvergne wana pembe ndefu, na kwamba mchungaji husimama mbele ya ng'ombe wake akamsifu kwa majina, mmoja mmoja, watu wakisikiliza. Aliwaambia wazee hukizunguka chungu kimoja cha pombe ya mtama na kuinywa kwa mirija mirefu, wala hakuna anayeharakisha. Tena aliyekula njegere hanywi maziwa siku hiyo, maana chuchu za ng'ombe zitaharibika. Wastaafu waliandika yote. Sixten, aliyekuwa mhandisi wa reli, aliuliza kama katazo hilo linahusu na dengu. Protais akafikiri, akasema linahusu.

"Baba Inès," Emérithe alimwambia nyumbani, "umeipeleka Mugamba Ulaya bila viza. Siku watakapokukamata, mimi simo."

"Ni darasa tu, Mama Inès. Wazee wanachangamka."

Alikuwa akichangamka yeye. Binti yao Inès, aliyezaliwa hapa hapa na sasa anasomea uuguzi, alikuwa amemuuliza tangu utotoni, kwa Kiswidi, kwao kulikuwaje. Protais alikuwa na jibu moja: "Kulikuwa na milima. Kula." Si kwamba hakumpenda mtoto. Kila alipoianza Mugamba kichwani, akili ilimkimbiza hadi kwenye vita, paa zinawaka, na mama yake anayesema tangulieni, nakuja. Hakuja. Auvergne haikuwa na vita hiyo. Huko Protais aliweza kuwasha moto wa jikoni, akakamua ng'ombe, akamweka mama mlangoni, kisha saa ikifika akafunga kitabu na kwenda nyumbani amepona. Ilikuwa raha, na aliona aibu kwamba ni raha.

Kisha Hanna akatangaza kwamba chama kinakwenda Auvergne majira ya kuchipua, na kiongozi wa msafara ni Protais.

Siku hiyo hiyo mgongo wa Protais ukaanza kuuma. Ulimuuma kwenye ngazi, ukamuuma kwenye treni, na ukamzidi kila lilipotajwa neno pasipoti. Wastaafu wakamwonea huruma, wakaondoka bila yeye. Emérithe alimpikia maharage, akamuuliza kama mgongo nao ni wa Auvergne.

Protais hakulala vizuri tangu walipoondoka. Hakuwa na cheo Spånga, wala nyumba yake mwenyewe, wala jamaa wa kumtetea. Alichokuwa nacho ni kwamba Jumatano watu walimngoja. Sasa wangerudi wakijua, habari ingeenea mtaani, na yeye angewaogeshaje wazee wake, akiwashika mkono kuingia bafuni, huku wakijua ni mwongo?

Waliporudi, akaitwa ukumbini. Alimchukua Inès aje kuendesha mashine ya kuonyesha picha, akisema ni kwa ajili ya mgongo. Ukweli ni kwamba hakutaka kuingia peke yake.

Hanna alisimama, uso umekunjamana.

"Protais, tumepeleka malalamiko kwa kampuni ya safari," akasema.

Protais akashika kiti.

"Milima tumeiona, sawa. Makanisa tumeyaona. Lakini hakuna hata mgahawa mmoja uliokuwa na chungu! Tukaomba mirija, wakatuletea ya plastiki. Nimekula dengu, mhudumu akaniletea kahawa ya maziwa. Nilipomweleza kuhusu chuchu akamwita meneja."

"Nami nilimwomba mfugaji amsifu ng'ombe wake," akasema Sixten kwa uchungu. "Akanionyesha namba iliyo sikioni."

Walikuwa wamekata shauri. Kampuni imewapeleka Auvergne ya watalii. Mwakani Protais mwenyewe awapeleke ile ya kweli.

Protais akaachia kiti. Kumbe ameokoka! Tena amepandishwa cheo. Alichotakiwa ni kusema kuna bonde moja la mbali, barabara mbaya, na mgongo ungeuma tena mwakani. Alikwisha kufungua mdomo.

"Hasa nilitaka kumwona yule bibi," Hanna akaendelea, sauti imelainika. "Yule aliyekuwa akiimba akikamua, ili ng'ombe wasiogope ngurumo. Kila kijiji niliulizia. Bibi Kasiani."

Picha za safari zilizokuwa zikipita ukutani zikasimama. Inès aliinua kichwa kutoka kwenye mashine. Kasiani ni jina lake la pili, lilikuwa kwenye pasipoti yake, na alichowahi kuambiwa ni kwamba lilikuwa la nyanya yake mzaa baba.

"Pappa," akasema. "Bibi alikuwa anaimba?"

Protais alimtazama binti yake, akawatazama wale wazee na madaftari yao, wanaomjua mama yake kuliko mjukuu wake mwenyewe anavyomjua.

"Alikuwa anaimba," akasema.

"Na hawa wamesikia wimbo?"

Hanna, ambaye hakuelewa kinachoendelea, aliitikia kwa furaha kwamba Protais aliwaimbia mara mbili, na kwamba Sixten alilia.

Inès hakupaza sauti. Alizima mashine, akavuta kiti hadi mbele kabisa, akakaa kama mwanafunzi aliyechelewa. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Basi nieleze na mimi," akasema. "Nimekuuliza maisha yangu yote."

"Madame," Protais akamwambia Hanna, na sauti haikuwa ya padri wala ya mtu yeyote ila yake, "si Auvergne. Hakuna kampuni ya kulalamikiwa. Ni kwetu."

Ukumbi ulinong'ona. Sixten aliuliza kama basi dengu na maziwa anaruhusiwa. Protais alikaa mkabala na binti yake. Alianza na ng'ombe, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa rahisi, akijua kwamba leo itabidi afike mpaka kwenye paa zinazowaka, na kwamba huyu msikilizaji hatamwacha afunge kitabu.