Neno Katili

Majira yale ya baridi nilikuwa na sura ya kwanza tu. Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena, na kila nilipofika sentensi ya mwisho niliona ile ya mwanzo imeshachakaa. Uandishi sikuusomea popote, na niliogopa kwamba kosa moja tu litanifichua.

Nilikuwa nikitoka kwetu Jakobsberg kwenda kuandikia kwenye maktaba ya mtaa wa Rinkeby, kwa sababu huko hakuna aliyenijua. Kwenye meza ya dirishani alikaa mzee anayeandika riwaya za uhalifu kwa Kiarabu, na filamu pia. Alinong'ona maneno ya wahusika wake, akawainulia kikombe kitupu, kisha akatikisa kichwa na kufuta. Nje theluji ilianguka polepole, saa tisa mchana na giza la buluu tayari, nami nilimtazama kama mtu aliyeingia kwenye ndoto ya mwingine.

Tuliongea Kiswidi. Yeye aliniita binti, neno ambalo kwao ni "binti yangu". Mimi nikamwita Ustadhi. Mama yangu, mwanakwaya wa kanisani, alicheka sana aliposikia. Tangu hapo kila nikirudi aliniuliza tumesoma sura gani, kana kwamba natoka madrasa. Nilimjibu ya kwanza, na iliniuma, maana ilikuwa kweli.

Siku moja Ustadhi aliniambia anasafiri, filamu yake inaanza kupigwa picha, kwa hiyo nimsomee nilichonacho. Nilisoma nikitafsiri papo hapo: mwanamke aliyeuliwa mume anasikia hodi, anafungua, na mlangoni amesimama... Kiswidi kikanipotea. Nikasema kwa Kiswahili, "Katili."

Aliacha kuchezea kikombe.

"Aliyeuawa ndiye amebisha hodi?"

Nilidhani ananitania. Kumbe kwa Kiarabu, ukivuta silabi ya kwanza ya neno hilo unamtaja muuaji. Ukivuta ya katikati, kama tunavyotamka sisi, unamtaja yule aliyeuawa. Nilianza kuomba radhi na kupekua karatasi, nikitafuta namna ya kusahihisha.

"Liache, binti," alisema. "Mume amerudi. Halafu?"

Nilitaka aniambie kama ni nzuri. Hakuniambia. Alingoja tu, macho yake kwenye theluji, kama vile huyo mume angeweza kutokea kule uwanjani. Hiyo halafu yenyewe sikuwa nayo. Basi nikasema, taratibu, kwamba mwanamke hakushtuka. Kwamba alimvutia kiti. Kwamba viatu vya mume havikuwa na theluji hata chembe. Sentensi zilitoka zimepinda, nikaziacha zipite, hadi taa za rafuni zikaanza kuzimwa.

Nyumbani mama alikuwa jikoni.

"Leo mmesoma sura gani?"

"Ya pili, mama," nilimjibu, bado nimevaa koti.