Rangi ya Zambarau Kinywani mwa Mbaabu

Ukitaka kumkasirisha Mbaabu, mwoneshe kahawa chafu. Kwa miaka kumi na sita amesimamia matangi ya kiwanda kimoja cha kahawa karibu na Githongo, na wakulima wanaujua mkono wake kuliko wanavyoijua sura yake. Kahawa ikishamenywa na kulala tangini, yeye hukunja shati hadi kwenye kiwiko, huchota konzi moja na kuisugua kiganjani. Ikiteleza, bado ina ute, irudi majini. Ikikwaruza kama kokoto, imetakata. Habembelezwi wala hahongwi.

Na huyo ndiye bingwa wa usafi aliyepata aibu ya mwaka Desemba iliyopita, kwenye kiti cha daktari wa meno mjini Meru, mkewe akiwa ameketi pale pale mlangoni anaona kila kitu.

Meno ya mbele ya Mbaabu yalichomoza tangu utotoni. Shuleni walimwita Jembe, na watoto wakishakupa jina kama hilo, halikutoki. Akajifunza kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Alioa ameziba mdomo, akabatizisha watoto ameziba mdomo. Tafuta picha zake zote, hutaona jino. Alipotimiza miaka arobaini na mitatu akasema basi, akaenda kufungwa waya za meno. Soko zima lilishangaa. Mzee mzima na waya kama mtoto wa sekondari! Waliomcheka aliwaacha wacheke. Yeye alitaka kitu kimoja tu: siku moja acheke mkono ukiwa umetulia.

Juma la kwanza alipopiga mswaki, fizi zilitoa damu. Mbaabu, ambaye huchinja mbuzi bila kupepesa macho, aliona damu yake mwenyewe kwenye sinki akauweka mswaki chini haraka. Akaamua kuzihurumia fizi. Kuanzia siku hiyo mswaki haukuzigusa tena. Alisugua tu vile vyuma vinavyoshika waya, halafu akavifuta kwa pembe ya kitambaa hadi viking'aa kama sufuria za harusi. Akajiona msafi kweli kweli. Msimu wa kuchuma ulipoingia, kiwanda kikafanya kazi mchana na usiku, akaruka miadi mitatu ya daktari bila wasiwasi wowote, hadi siku ile ya Desemba.

"Mzee, unapiga mswaki?" aliuliza Daktari Karwitha, binti mdogo mwenye sauti ya upole.

"Asubuhi na jioni, daktari. Si unaona vile vinang'aa?"

Daktari hakubisha. Alimpaka rangi kidogo kwenye meno, akamwambia asukutue, akampa kioo.

Mbaabu alitazama, akakisogeza kioo karibu. Kinywa chote kilikuwa cha zambarau! Kila jino, kila kona ya kila chuma, na zaidi pale fizi zinapoanza, ambako palikuwa peusi kama zambarau zilizoiva. Fizi zenyewe zilikuwa zimevimba hadi zikapanda juu ya vyuma.

"Murungu wakwa, Mungu wangu! Umenipaka nini?"

"Rangi inashika pale pachafu tu, mzee. Penye usafi imeondoka na maji. Huo ni utando. Chakula cha jana, cha juzi, na vijidudu vinavyokila."

"Lakini palikuwa panatoa damu! Niliogopa kujiumiza."

"Panatoa damu kwa sababu hapasafishwi. Ukipaacha, panavimba zaidi." Akaweka kioo chini. "Nakupa wiki sita. Fizi zikibaki hivi, nitatoa waya zote."

"Na meno?"

"Yatarudi yalikotoka."

Mkono wa Mbaabu ulirudi mdomoni. Jembe tena! Daktari aliona kipakiti kwenye mfuko wa shati lake. "Na hizi peremende?"

"Mke wangu hunitilia mfukoni kila asubuhi, miezi mitano sasa," alisema Mbaabu, bado na fahari kidogo. Alikuwa amedhani ni mapenzi.

Pale mlangoni mkewe, Eunice, aliinamisha kichwa. "Baba Muthomi, ilikuwa harufu," alisema polepole. "Nilishindwa nitakwambiaje."

Miezi mitano! Miezi mitano mke wake alikuwa akimpa sukari ili asimwambie kwamba ananuka, na sukari ile ikawa inalisha uchafu ule ule. Mbaabu hakujua amkasirikie nani. Alipitisha ulimi kwenye meno, na ulimi ukateleza. Ute. Alichokikataa tangini miaka kumi na sita alikuwa amekibeba kinywani.

Daktari alimwonesha: mswaki ulazwe kuelekea fizi, upite juu ya waya, kisha chini yake, jino baada ya jino, halafu kibrashi chembamba, kama cha kuoshea chupa ya mtoto, kipenye nyuma ya waya. Damu ikitoka, asiache.

Ilitoka. Siku za kwanza alisugua macho ameyafumba, Eunice amesimama kando akimhesabia meno kwa sauti. Peremende aliwapa kuku. Kiwandani alipiga mswaki bombani baada ya chai, mbele ya wakulima wote, kisha akapima kwa ulimi. Ukiteleza, alianza upya. Kufikia wiki ya tatu povu lilikuwa jeupe, na Eunice akaanza tena kukaa karibu naye mezani.

Wiki ya sita walirudi. Daktari akapaka rangi, Mbaabu akasukutua, akashika kioo. Palibaki madoa mawili tu, kwenye magego ya nyuma. Fizi zilikuwa zimeshuka mahali pake.

Lakini chuma kimoja cha mbele kilikuwa kimelegea. Daktari alipokibandua ili akigandishe upya, pembeni mwake palionekana alama nyeupe kama chokaa.

"Hii nayo inatoka na mswaki?"

"Hapana, mzee. Hapo utando ulikaa muda mrefu, ukala jino. Tutaifanya ipungue, lakini alama itabaki."

Jambo hilo Mbaabu alilijua vizuri mno. Kahawa ikilala tangini kupita siku yake, hata uioshe kwa mto mzima, ladha mbaya haiondoki. Amewaambia wakulima wangapi hivyo, bila huruma, huku wakimtazama! Leo alikuwa anaambiwa yeye.

"Na waya?" aliuliza.

"Waya zinabaki."

Mbaabu akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa cha mtu aliyeponea chupuchupu, kilichosikika hadi kwa wagonjwa waliokuwa wakingoja nje. Eunice alitazama mkono wa mume wake. Ulikuwa umelala pajani. Miaka kumi na minane ya ndoa, na hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyokiona kicheko chake chote, vyuma, fizi na ile alama nyeupe. Alishtuka hata akasahau kucheka naye.