Zamu za Kuombea Ndege ya Mumbai

Ukiishi ng'ambo, ndugu zako wanaamini ndege umeziunda wewe. Mimi nimepanda ndege mara mbili tu, na kazi yangu hapa Birmingham ni kuogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Lakini mama alipotakiwa kurudi Nairobi baada ya kupasuliwa moyo Mumbai, mipango ya safari iliachiwa mimi, nami nikaipokea kifua mbele.

Mama anaogopa ndege kuliko alivyoogopa kisu cha daktari. Mimi nilikuwa nahofia ule moyo uliotoka kushonwa. Basi nikaita ushirika wetu nyumbani kwangu, Great Barr, tumwombee tangu Mumbai hadi Dubai, ambako yeye na dada yangu wangebadilisha ndege, maombi yasikatike hata kidogo. Tiketi ilisema ndege inaondoka saa kumi jioni na kutua saa kumi na mbili kasorobo. Nikatoa: saa moja na dakika arobaini na tano. Watu saba, robo saa kila mmoja. Nilijiambia hata Mungu ataupenda mpangilio huo. Kwamba kati ya miji hiyo kuna karibu kilomita elfu mbili niliwatangazia mwenyewe, kwa sauti ya rubani. Ni ndege gani ya abiria ingeumaliza mwendo huo kwa muda ule, sikujiuliza.

Zamu zilikwenda vizuri. Mama mmoja Mkongomani alipopitiliza, niligonga kikombe kwa kijiko, akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Wa saba akasema amina. Tukaitazama simu yangu, nayo kimya.

"Labda kuna traffic huko juu," akasema mzee wa kanisa.

Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Chai ikapoa. Mtu akaanzisha polepole wimbo tunaouimba misibani, na wengine wakaufuata.

"Baba Watoto, si u-check online?" mke wangu akasema.

Nikakataa, na nikawakataza wote wasiguse simu, kwa kuogopa watakachosoma. Nikapiga magoti pale pale kwenye makombo ya mandazi, nikaomba bila mpangilio wowote: nirudishie mama, nirudishie mama. Ndiyo kwanza nilikuwa naomba siku hiyo. Katika zamu zote saba sikujipa hata moja, maana mimi nilikuwa msimamizi.

Simu ikalia, nikaiweka spika.

"Tumefika salama," mama akasema. "Na hatukuchelewa."

"Hamkuchelewa vipi? Mmekaa angani zaidi ya saa tatu."

"Ndiyo. Saa za Dubai ziko nyuma ya za India kwa saa moja na nusu. Dada yako alinieleza kabla hatujapanda. Kwani wewe hukujua?"

Watu waliokuwa wameshaanza kunizikia mama wakanigeukia wote kwa pamoja. Nikasema network inasumbua.

"Mimi nakusikia vizuri sana," akasema. "Niliambiwa kabla ya kupanda kuwa mtaniombea kwa zamu. Huko angani niliogopa, mwanangu, nikawa nawaza sasa hivi ni zamu ya nani. Yako ilikuwa ipi?"

Nikayatazama makombo ya mandazi yaliyoninatia magotini.

"Ya mwisho, mama," nikasema, na machozi yakanitoka.